Mwaka Wako wa Haki Kibakwe

Ipagala, Dodoma

Dada Raheli,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Mbili nilizokutumia zilirudi na muhuri wa posta ya kwenu, na maandishi kwamba mwenye jina hilo amehama. Hii basi naiandika wazi, aisome yeyote. Siku ya Jumanne alikuja hapa Ipagala mzee mmoja wa ule mpango wenu, wa vijana wa Kiyahudi wanaotoa mwaka mmoja kuitumikia haki. Alivua kofia akasema, "Dada Yudithi, tunaleta binti mwingine Kibakwe. Raheli alikusifu sana kwenye ripoti yake. Utakubali kuwa mkalimani?" Nilimwambia anipe siku tatu. Tangu hapo nimekuwa nikiongea na wewe peke yangu huku nikipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, mpaka wenzangu wananicheka. Afadhali niyaandike.

Ulifika Kibakwe juu ya lori la mnunuzi wa maharage, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope, umekumbatia begi kama mtu aliyebeba mtoto. Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati, na kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne, mwenyekiti wa kijiji alinipa kazi ya kukutafsiria. Alikutambulisha mkutanoni kama mgeni wa kanisa. Ukainua mkono ukasema, "Samahani. Mimi si Mkristo. Mimi ni Myahudi."

Mama yangu, aliyekuwa amekaa nyuma na wenzake, akauliza jambo kwa Kigogo.

"Mama anauliza, Wayahudi wa kwenye Biblia?" nikakutafsiria.

"Hao hao."

"Anasema hakujua kama bado mpo."

Ulicheka, kisha ukafuta macho. "Mwambie tupo. Wachache, lakini tupo."

Siku ile ile mama akasema utalala kwetu. Mtu aliyetoka kwenye Biblia, alisema, hawezi kulazwa kwenye stoo ya ofisi ya kijiji pamoja na magunia ya mbolea. Ukanieleza kwamba jina langu, Yudithi, maana yake ni mwanamke wa Kiyahudi, na kwamba mimi nilikuwa Myahudi kwa jina kuliko wewe. Kuanzia hapo ukaniita dada. Kila Ijumaa jua likishuka nyuma ya milima uliwasha mishumaa miwili, ukafunika uso kwa viganja na kuomba kwa lugha yenu. Mama alikuwa akivuta kigoda chake karibu. Trakoma ilishaanza kumla macho, lakini mwanga wa mishumaa alikuwa anauona, na alipenda kuuona.

Sitasema uongo juu yako. Uliamka alfajiri ukachota maji na sisi, ukamwaga nusu njiani, ukarudi kuchota tena. Ulijifunza kusema "mbukwa", salamu ya Kigogo, kwa wakubwa kabla hujajua kusema "nina njaa". Zahanati ilipoanza kututaka tuchangie matibabu na dawa zikawa hazipo, ulikwenda mwenyewe Dodoma kutafuta mafuta ya macho, na kila asubuhi ulimpaka mama, umemlaza kichwa mapajani pako. Mimi binti yake sikuwa na subira hiyo. Nayakumbuka yote haya, na ndiyo maana ninaumia.

Halafu likaja suala la bonde.

Wewe unalijua, lakini atakayesoma barua hii halijui. Kulikuwa na bonde chini ya mfereji ambako akina mama kumi na wanne walilima vitunguu wakati wa kiangazi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Aliolewa akakuta mama mkwe wake analima palepale. Ushirika ulikuwa umekufa, duka la kijiji limefungwa, na kila kiongozi alikuwa na neno moja mdomoni, soko huria. Siku moja tukasikia kwamba halmashauri ya kijiji imelitoa bonde kwa mfanyabiashara wa mjini. Hakukuwa na mkutano. Tuliona tu vijiti vyenye rangi nyekundu vimechomekwa katikati ya vitunguu.

Wewe ulikasirika kuliko sisi. Ulizunguka uani ukisema, "Hii ni dhuluma! Mbona mmekaa kimya?" Jioni ile uliwakusanya akina mama kwetu, ukawasimulia habari za bibi yako. Akiwa msichana alifukuzwa pamoja na familia yake kutoka kwenye nyumba yao, mchana kweupe, na majirani walisimama madirishani wakitazama. Hakuna aliyesema neno. Ukasema umekuja Tanzania kwa ajili ya madirisha yale, na kwamba katika maandiko yenu neno haki limeandikwa mara mbili mfululizo ili mtu asijifanye hakulisikia. Nilitafsiri neno kwa neno. Mama Chilewa, ambaye hakuwahi kusimama kwenye mkutano maisha yake yote, alisimama akasema, "Tuandike."

Tukaandika barua kwa mkuu wa wilaya. Maneno yalikuwa yako, Kiswahili kilikuwa changu. Tulipofika mahali pa sahihi nikakupa kalamu.

Hukuipokea. "Siwezi, Yudithi. Mpango wetu una masharti. Haturuhusiwi kuingia kwenye siasa za watu. Mimi ni mgeni."

"Na mimi je? Mimi ni mwajiriwa wa kijiji hichohicho."

"Wewe ni mwenyeji. Haki ni yako. Ukianza wewe, wengine watafuata. Nitakuwa pamoja nawe mpaka mwisho, naapa."

Nikaandika jina langu juu kabisa. Wengi wa akina mama hawakujua kuandika, wakaweka dole gumba chini yake. Ukiitazama ile karatasi, aliyeonekana kuongoza ni mtu mmoja tu, na mtu huyo si wewe.

Tulikwenda Mpwapwa, makao ya wilaya, tukiwa watu sita. Wewe ulibaki kwenye benchi la nje ukisema ni bora usionekane. Ndani, ofisa alisoma barua, akaiweka chini, akanitazama mimi.

"Nani kawatuma? Yule mzungu wenu?"

"Hapana, mheshimiwa. Tumejituma wenyewe."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hilo sikukwambia tulipotoka. Nilikwambia tu kwamba barua imepokelewa, ukanikumbatia barabarani watu wakitazama. Leo nakwambia: niliulizwa juu yako mara mbili, na mara zote mbili nilikuficha.

Hazikupita wiki mbili, likaja gari la mpango wenu. Walisema hali si salama kwako. Ulipewa muda wa kufungasha, basi. Mama alikushika mkono hataki kuuachia, na wewe ukamwambia kwa Kiswahili chako, "Mama, mimi rudi. Mimi andika kila mwezi." Siku tatu baada ya gari lile kuondoka, mgambo waliingia bondeni wakang'oa vitunguu. Vilikuwa vimebakiza kama mwezi mmoja kukomaa. Mama Chilewa alimshika mmoja shati, wakamkamata, na mimi nikakamatwa kwa kuwa jina langu lilikuwa juu. Tulikaa siku mbili kwenye chumba cha ofisi ya kata. Nilipotoka nilikuta barua ya kuniondoa zahanati. Ilisema huduma yangu haihitajiki tena.

Nilipanda gari nikaja Dodoma kukutafuta. Nilijua mtu aliyeapa akipata habari hizi, kuna jambo atafanya. Niliuliza mpaka nikaipata nyumba ya Miyuji mliyokuwa mmewekwa. Geti lilikuwa wazi. Mlikuwa bustanini, vijana kama kumi, mmekaa duara, mnaagana kwa sababu mwaka wenu ulikuwa unakwisha. Kila mmoja alisimulia alichojifunza. Uliponiona uliruka, ukanikalisha karibu yako, kisha ikafika zamu yako.

Ulisimulia habari zetu. Nilifuata Kiingereza chako kwa shida, lakini nilielewa vya kutosha. Ulisema ulikuwa umekutana na wanawake ambao hawakuwahi kusema hapana, nao wakasema hapana. Ulisema mwaka huu umekubadilisha. Wenzako wakapiga makofi, msichana mmoja akalia. Mimi nilikuwa nimevaa gauni lilelile nililokamatwa nalo. Hakuna aliyeniuliza kama nina neno.

Baadaye nilikuvuta pembeni, kwenye kamba ya nguo.

"Raheli, wameng'oa vitunguu. Mimi nimefukuzwa kazi. Tuliwekwa ndani, mimi na Mama Chilewa."

Ukaziba mdomo kwa mikono miwili. Ukalia, ukalia mpaka ukaketi chini kwenye vumbi. "Ni kosa langu," ulisema, "ni kosa langu." Nami nikachutama, nikakufuta machozi kwa kitenge changu nikikwambia, "Basi, dada. Basi. Si kosa lako." Nimelifikiria tukio lile miaka yote hii. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima na njaa, nimekuja kutafuta msaada, nikaishia kukubembeleza wewe. Ulipotulia uliniambia utaongea na wakubwa wako, kwamba lazima kuna wakili, kwamba ukifika kwenu hutanyamaza. Keshokutwa yake ukapanda ndege.

Barua zako zilikuja mbili. Katika ya pili uliniandikia kwamba umeanza masomo ya sheria, na ulikuwa umekunja ndani kijarida cha mpango wenu. Nilikaa na kamusi siku nzima. Kulikuwa na picha ya mama amekaa kwenye kigoda, na chini yake maneno "mwanamke wa kijijini". Kulikuwa na habari yako ya kurasa mbili: uoga wako, hasira yako, bibi yako, mishumaa yako pale Kibakwe. Kwenye habari hiyo bonde liliishia siku tuliyopeleka barua. Ulipotaja sahihi ulisema "tuliandika". Vitunguu havikung'olewa popote kwenye kurasa zile mbili.

Baada ya hapo, kimya.

Kibakwe hapakukalika tena. Waume wa wale akina mama walinilaumu mimi, na kweli mimi ndiye niliyetafsiri. Nikamchukua mama, tukahamia huku Ipagala, nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi. Mafuta ya macho hayakupatikana kila wakati. Mwaka wa pili macho yakafunga kabisa.

Na kila mwezi aliuliza, "Raheli ameandika?"

Mwanzoni nilijibu bado. Aliinamisha kichwa, na siku hiyo hakula vizuri. Mwezi mmoja nikachukua karatasi ya orodha ya mashuka, nikajifanya nasoma. Nikakutungia maneno wewe, Raheli. Nilikufanya uulize hali ya mguu wake uliokuwa ukimsumbua, na ya kila jirani kwa jina. Nilikufanya umwambie kwamba Ijumaa ukiwasha mishumaa unamkumbuka. Alicheka, akaniomba nirudie. Nilifanya hivyo miaka miwili, nikikuchukia na kukuandikia upendo mdomoni mwangu mwezi baada ya mwezi, na kuna siku nilikuwa naamini mwenyewe.

Yule mzee wa mpango atarudi kesho. Nitamwambia sitafsiri tena. Na huyo binti mpya kama anataka kweli kwenda Kibakwe, aende kwanza kwa Mama Chilewa, akae naye bila mkalimani mpaka waelewane, ndipo azungumze habari za haki. Mwaka hautamtosha. Ajue hivyo kabla hajapanda lori.

Mama alifariki kipupwe kilichopita. Siku za mwisho akili yake ilikuwa nzima. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, akanishika kiganja.

"Zile barua ni zako," akasema.

Nikarudisha kijiko bakulini.

"Raheli hakuwahi kumtofautisha Mama Chilewa na mdogo wake. Atawezaje kuwasalimu watu wote wale kwa majina? Nilijua tangu ya kwanza."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa unasoma vizuri." Akameza uji. "Siku utakayomwandikia wa kweli, mwambie sina kinyongo. Alikuwa mtoto, na alikuwa mbali na mama yake. Mwambie mikono yake ilikuwa laini machoni kwangu."

Nimefikisha, Raheli, kama nilivyotumwa. Ni salamu za marehemu, na sikuwa na haki ya kuzizuia. Zipokee, na umlilie ukiweza, maana alikupenda. Lakini msamaha huo ni wa mama peke yake. Kwangu usiutafute, bado sinao.

Kwaheri.

Uliyemwita dada,
Yudithi