Giza la Mchana, Majengo

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Tumepata chumba! Ghala la zamani la kahawa, nyuma ya karakana ya Kornel hapa Majengo. Anatengeneza taa za mabasi, na mnunuzi wa Arusha anataka kujua pembe ya kila taa – mwanga unatanuka kiasi gani ukitoka. Mpimaji ni mimi, Redempta, niliyekaa bure tangu kiwanda nilichofanyia kazi kifungwe.

Tumeziba dirisha kwa mbao. Giza! Saa sita mchana, jua liko nje, na mimi sioni mkono wangu. Mara ukutani nikaona watu wanatembea vichwa chini. Mama wa ndizi na mkungu wake, miguu juu! Nilipiga kelele. Kumbe tundu la msumari kwenye ubao limeingiza barabara nzima. Nikakaa kuitazama kama mtoto. Kornel akasema dada Rede, ziba hilo tundu tufanye kazi. Nimeziba kwa kitambaa. Roho imeniuma.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Rangi nyeusi tuliyopaka inang'aa! Mwanga unagonga ukuta unarudi, mita ya mwanga inasoma uongo. Kornel anakuna kichwa tu. Mimi nimewaza jiko la Mama kule Kibosho. Masizi ya miaka yote hiyo – hakuna cheusi kama kile. Jumamosi nakwenda kuyakwangua.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimejaza debe. Mama kacheka mpaka basi: kusoma kote kule, umerudi kuchukua masizi!

Lakini Baba. Nilimkuta kihambani, kwenye migomba yake, nikatokea ubavuni, nikampa mkono, shikamoo Baba. Akaitikia marahaba huku anatafuta sauti inatoka wapi. Mkono wangu ukabaki hewani. Halafu akajikwaa kwenye kamba ya mbuzi. Mama anasema siku hizi anagonga migomba, kisha anaigombeza.

Nikasema twende hospitali wakuangalie macho. Alikasirika! Akachukua Misale, kitabu chake cha misa, akanisomea yale maandishi madogo bila miwani, haraka haraka, kunikomoa. Hospitali ni ya wanaoumwa, na yeye haumwi popote.

Kusoma anasoma kweli. Sasa mkono wangu hakuuona kwa nini?

Jumanne, 12 Agosti

Masizi tumeyakoroga na uji wa muhogo, tumepaka. Ukuta umetoweka! Mpaka uuguse ndipo unakumbuka upo.

Taa iko katikati. Kwa kamba na chaki nimechora nusu duara sakafuni, nikaigawa kwa nyuzi za pembe. Natembeza mita juu ya mstari, polepole. Pale mwanga unapobaki nusu ya ule wa katikati, ndiyo pembe inaishia. Mwanga wenyewe hauishii hapo. Unaendelea kufifia, ni sisi tunaosema basi. Nimesimama kwenye ukingo ule, mguu mmoja huku, mmoja kule. Mungu wangu, ni kitu kizuri jamani.

Nikasogea pembeni zaidi. Taa inawaka, na mimi simo. Nikaukumbuka mkono wangu hewani – Baba! Anaona katikati tu. Kama taa ya Kornel.

Nikamkalisha Kornel penye taa. Nikazibua tundu la msumari: tazama hapo tu, usigeuze macho, ukiona tochi inakuja toka pembeni sema. Aliiona ingali karibu na sikio lake. Nikaweka alama ya chaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemdanganya Baba kidogo: njoo uone masizi ya jikoni kwako yalivyofanya kazi. Amekuja na koti la kanisani. Tukaingia, nikafunga mlango. Akasema taratibu: Rede, hapa ni kama kabla Mungu hajasema neno. Nilisisimka mwili mzima.

Nikazibua tundu. Akaketi. Nikamfunika jicho la kushoto. Tazama tundu, Baba. Naanzia sikioni. Bado, anasema. Bado. Nikapita alama ya Kornel. Bado. Nikapita ukingo wa taa ya basi. Bado. Karibu kabisa na tundu – naam! Akafurahi. Si unaona, macho yangu mazima!

Nikamulika sakafu. Kornel aliona hapa, wewe hapa. Akaipitisha fimbo yake toka alama hadi alama, mara mbili. Niliogopa atainuka aondoke. Akasema, haya, jicho la pili.

Nikamfunga la kulia kwa kitambaa. Nikaanzia sikioni. Kimya. Nikafika katikati, kimya. Nimesimama mbele yake, tochi usoni kwake, mwanga umejaa kwenye mboni! Ametulia tu, mikono juu ya fimbo.

"Rede, mbona tundu umeliziba?"

Sijaliziba. Barabara yote iko kwenye shati lake jeupe, watu wanapita.

Nimesema nafuata betri. Uongo – tochi inawaka hapa mapajani. Niko nje ya mlango, naandika. Nitamfungua kitambaa, nitamwambia. Nianzeje? Ananiita tena. Ana haraka, anataka tumalize. Anasema nizibue tundu tuanze.