Swali la Nafula Kuhusu Udongo

Kyebando, Kampala
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Mama mkwe mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Nafula. Goti lako likoje na baridi hii? Na ule mgomba ulioelemea choo, mliutegemeza? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha wiki nzima, na huko Kikuubo ninakouza mabeseni ni matope matupu, ila wateja hawajakoma.

Mama, leo nataka kukueleza habari za Nafula. Unajua alivyokuwa mtoto wa maswali. Siku moja baba yake alikuwa akimenya chungwa, akamuuliza mbona ganda linajikunja. Marehemu akacheka, akasema, "Hata mimi sijui. Tumenye lingine tuone." Tangu tulipomzika, maswali yakaisha. Ikawa ni "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama" tu. Watu wa kanisani walimsifu kwamba ametulia. Mimi nilikuwa nikimwogopea.

Basi Jumanne mwalimu wake wa sayansi akaniita shuleni. Jirani yangu sokoni, Nalongo (huku ndivyo wanavyomwita mama wa mapacha), akaniambia, "Wee Mama Nafula, ukifika tu, piga magoti kama Waganda kabla hajafungua mdomo. Kesi itaisha hapo hapo." Nikapiga magoti mlangoni pa ofisi. Kumbe Mwalimu Okello ni mtoto wa askari kutoka kaskazini. Karibu amwage chai.

"Amka, mama, amka! Mimi si Muganda. Na mtoto yako hana kesi."

Akanieleza kwamba wiki kadhaa zilizopita walifukia vitu nyuma ya darasa: ganda la ndizi, jani, mfupa wa kuku na mfuko wa plastiki. Asubuhi ya Jumanne hiyo wakafukua. Ganda lilikuwa limegeuka udongo, mfuko ulikuwa vilevile. Mwalimu huyu ana desturi yake. Kabla ya kueleza lolote, huenda kukaa dawati la nyuma akangoja maswali, hata kimya kikiwa kirefu. Wengine wakauliza habari za minyoo. Kisha Nafula akainua mkono.

"Mwalimu, na mtu?"

Mwenzake mmoja akapayuka, "Eh, huyu analeta uchawi!"

"Wewe kaa," mwalimu akamwambia. "Huyu ameuliza sayansi."

Akamjibu ukweli, kwamba mwili nao hurudi udongoni polepole, na mifupa hukawia. Nafula akauliza, "Inauma?" Akamwambia hapana, aliyekufa hasikii maumivu. Hapo mtoto akalia. Alipomaliza kulia akaendelea kuuliza, mpaka kengele.

"Nimekuita nikuambie mapema," mwalimu akasema, "maana nyumbani atauliza zaidi. Kama hujui, mwambie hujui. Kumnyamazisha tu, mama, hapana."

Na kweli, jioni tukichambua mboga akaanza. Alitaka kujua kama udongo ulimwingia baba puani. Nikakumbuka kwamba swali hilo alishaliuliza pale kaburini, nawe ukamziba mdomo kwa leso yako. Sikulaumu, Mama. Ulikuwa ukimzika mwanao, na mimi mwenyewe siku ile nisingepata neno la kumjibu. Sasa nimemweleza habari za jeneza, jinsi mbao zilivyokuwa nene, na kwamba baba hakuwa akipumua tena. Akachambua jani jingine, kisha akasema, "Sawa." Usiku huo alilala bila kushtuka.

Krismasi tunakuja. Anataka kukaa kaburini, na maswali mengine amekuwekea wewe: mbona nyasi za pale humea upesi, baba alizaliwa chumba kipi, na kama wewe bado unalia. Namjua, atakuuliza hata mbele ya wageni, na shangazi zake watamkemea. Nakuomba kwa heshima zote, Mama, wazuie. Mwache aulize. Swali likikushinda, mwambie bibi hajui, au bibi atamjibu kesho. Nimempata mtoto wangu juzi tu. Akinyamazishwa tena pale pale, sina hakika kama atanirudia.

Nisalimie shemeji yangu anayekulimia, shangazi mkubwa, na mzee wa kanisa aliyetuombea siku ya mazishi. Nanyi mkisali, mnikumbuke.

Mimi binti yako,
Mama Nafula