Roboti, Kochi na Chifu Wetu wa Kulima

Doha, Ijumaa mchana

Kaka Musembi,

Wĩ mũseo, hujambo? Goti la mama yetu, Mwaitu, linasemaje siku hizi, bado anapanda kile kilima cha kanisa au amekubali kukaa nyumbani asikilize ibada kwa redio? Mkeo Kalekye aliniambia mawingu yameanza kupita juu ya kwetu Nuu lakini hayashuki. Tuombe tu. Mimi ni mzima, ila mikono imekauka kwa sabuni ya dobi hii ya hoteli, nikijipaka mafuta yanapotea kama maji kwenye mchanga wa mto.

Nimeamua kuandika badala ya kukutumia sauti kwa sababu nakujua. Ukisikia nusu dakika tayari umeanza kunijibu. Leo utanisoma mpaka mwisho.

Uliniuliza hivi: "Mwikali, wewe uko na watu wamesoma huko. Niulizie, kati ya hii robot ya ku-trade forex na yule Kochi wa signals, gani inalipa? Ukinishow tu, napeleka Chifu sokoni Mwingi." Nilisikiliza mara mbili nihakikishe ni Chifu maksai wetu unayesema, si chifu wa serikali. Huyo wa serikali ningekusaidia kumpeleka.

Ukweli ni kwamba sikuanza kwa kutaka kukuzuia. Nilitaka kujua. Unajua mimi nikiwashwa na jambo silali nalo, na hili liliniwasha.

Nilianzia kwa Liza, Mfilipino ninayekaa naye chumba kimoja, kwa sababu yeye alikuwa amenunua roboti. Mimi nilidhani ni kitu chenye miguu. Kumbe ni programu tu, inakaa ndani ya kompyuta, umeipa masharti yake, na yenyewe inanunua na kuuza pesa za nchi za watu usiku na mchana bila kukuuliza. Liza akanifungulia akaunti ya majaribio, yenye pesa za kuchezea, nikawa naitazama wakati wa chai. Musembi, nilipendezwa! Sisi tunakunja shuka, yenyewe inanunua euro. Tunapiga pasi, imeuza. Haina njaa, haina woga, haina tamaa. Nikasema huyu ndiye mfanyakazi ambaye sisi wote tungependa kumwajiri.

Kisha ikaja siku Wamarekani walikuwa wanatangaza habari za riba zao. Bei ikaanza kuanguka. Roboti ikanunua. Bei ikaanguka tena, ikanunua tena, maana masharti yake yanasema kilichoshuka lazima kipande. Liza alitoka mbio kwenye chumba cha mashine na povu mikononi, lakini kufika kwa simu, akaunti yake, ile ya pesa za kweli, ilikuwa imekwisha. Alipomlalamikia aliyemuuzia, aliambiwa roboti huzimwa kabla ya habari kubwa na lazima mtu awe karibu kuiangalia. Liza akaniangalia, akasema, "Kwa hivyo nimenunua mlinzi ili nimlinde?" Tulicheka, lakini yeye alicheka akiwa anafuta macho. Zilikuwa za karo ya mtoto wake.

Basi nikahamia kwa Kochi wako. Nikaingia lile group ulilonitumia, bado na pesa zangu za kuchezea. Huyo angalau ni mtu. Asubuhi anaanza na mstari wa Biblia, halafu anatuma: nunua dhahabu hapa, toka pale, msiwe na tamaa watu wangu. Shida ya kwanza, ujumbe ukiingia mimi nina mikono ndani ya mashine. Nikija kuufungua, bei imeshakwenda zake. Shida ya pili niliiona polepole. Zile alizokosea zilikuwa zinafutwa jioni. Mwanzo nilidhani ni simu yangu inaharibika.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mtu wa kwetu. Unakumbuka Baba akiwa hai, akipeleka mbuzi Mwingi? Dalali na mnunuzi kutoka upande wa Garissa wanashikana mikono chini ya shuka, vidole ndivyo vinataja bei, na wewe mwenye mbuzi unaona tu kitambaa kinacheza. Kwa hivyo kabla ya kumpa dalali kamba, Baba alikuwa anamuuliza mbele ya watu, "Na hawa wakipata bei mbaya, wewe utakula nini?" Dalali akijibu bila kuzunguka, anapewa kamba. Hakuna aliyekasirika, ilikuwa ni desturi, hata walikuwa wanacheka. Mimi nikaona ni heshima kumuuliza Kochi vilevile. Nikaandika kwenye group, mbele ya watu wote: "Kochi, sisi tukipoteza, wewe unakula nini?"

Niliondolewa kabla sijaweka simu chini.

Nikajisemea yameisha. Lakini mchana wake simu ikalia, namba ya Kenya. "Wewe ni wa wapi?" akauliza mtu. "Hiyo swali si ya mtu wa Nairobi." Nikamwambia Nuu. Akacheka, akaingia Kikamba moja kwa moja. Kumbe ni Kochi mwenyewe, kijana wa kule Kiboko, na mjomba wake aliuza mbuzi Mwingi miaka mingi. Akaniambia, "Dada, kwa group siwezi jibu hiyo maneno, lakini wewe nitakuambia. Mnanilipa subscription kila mwezi. Halafu broker, ile kampuni mnaweka pesa, naye ananipa kitu kwa kila trade mnafungua. Mkishinda nimekula, mkichomeka nimekula."

Nikamuuliza, na hizo chati unasomaje, nifundishe basi, maana kweli nilitaka kujifunza. Akanijibu, "Chati gani? Hizo signals kuna robot inanitumia. Mimi naongeza tu mstari wa Biblia."

Nilicheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni. Hata sasa siwezi kumchukia yule kijana, alinijibu kama dalali wa kweli.

Kwa hivyo jibu la swali lako ndilo hilo. Nyuma ya roboti panatakiwa mtu, na nyuma ya mtu nimekuta roboti. Sisemi hakuna wanaopata. Wapo, nadhani, lakini wamekaa na jambo hili miaka, na hawahitaji Chifu wetu. Ukitaka kujifunza tujifunze pamoja, kwa pesa za kuchezea, wewe huko na mimi huku. Nimeonja na bado nina hamu.

Lakini Chifu umwache. Unasema ni mmoja tu, wa kujaribu, maksai mwenzake Ndune anabaki. Ndune anabaki kufanya nini? Mwaka ule Chifu alivimba mguu tukamfunga Ndune na maksai wa jirani, si alilala katikati ya shamba kama mgonjwa? Mvua yetu ni ya kuvizia. Ikija ikukute unazunguka kuomba maksai, wenzako watakuwa wanapalilia na wewe ndiyo kwanza unachimba. Ninaogopa, kaka. Nakwambia wazi.

Na Kalekye ameniambia lile ambalo hukuniambia. Kwamba unataka hiyo faida ili mimi nirudi nyumbani, nisisaini mkataba mwingine. Nililia. Kisha nikakasirika kwamba hukuniambia mwenyewe, kisha nikalia tena. Hakuna mtu amewahi kutaka kuuza ng'ombe ili anione.

Sasa nisikilize. Karatasi ya mkataba mpya ninayo tangu wiki iliyopita, sijaisaini. Mkiwa na shamba lililolimwa, chakula kitakuwepo, na mimi nitarudi na hicho kidogo nilichoweka, hata kama ni kidogo. Chifu akienda, nani atamrudisha? Ni mimi, kwa mikono hii, miaka mingine miwili hapa kwenye mvuke. Utakuwa umemuuza ili nirudi, na mimi nikabaki kwa sababu umemuuza.

Nisalimie Mwaitu, lakini hili la kurudi usimwambie bado, ataanza kunenepesha jogoo na kutangazia kanisa zima. Msalimie Kalekye mke wako, mwambie nimemshukuru kwa mdomo wake usiokaa na siri. Watoto wasalimie kwa majina yao, na shangazi wa dukani ambaye hunikumbuka kwenye maombi.

Ofisi inataka karatasi yangu mwanzo wa wiki. Niandikie leo kama Chifu yuko zizini.

Ni mimi dada yako mdogo anayekupenda,
Mwikali