Mwendo wa Keraryo

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimeanza animesheni. Clever, bosi wangu hapa stationery ya mtaa wa Mukendo, ananifundisha baada ya kazi. Gemu tunalotengeneza ni la mkulima wa pamba. Unabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, unasogeza mguu, kompyuta inaweka alama. Unasogeza tena, inaweka nyingine. Ukiicheza rekodi, mguu unatembea. Wa kwangu ulitembea. Mkulima alibaki.

Jumatano, 4 Juni
Nilisahau kuzima rekodi! Kila nilichogusa kimeingia. Kichwa kimezunguka, jembe limepaa. Clever kasema futa alama moja moja, usifute zote. Nimefuta. Sasa anatembea, ila mguu wa kulia anautupa nje, kama anaruka kuku. Clever kasema rekebisha. Kesho.

Jumapili, 8 Juni
Nyasura, Bunda, kwa mama. Baada ya ibada nikamwonyesha kwenye laptop. Akatafuta miwani.
"Keraryo huyo."
Nikasema hapana mama, ni mkulima wa gemu, hata pua hana.
"Nimemzaa mimi."
Kaka Keraryo aligombana na baba, akaondoka. Miaka sita sasa. Tulisikia yuko Buhemba kwenye dhahabu. Simu haipatikani. Mwaka jana tulimzika baba bila yeye. Picha tuliyo nayo ni ya kidato cha pili — mashavu ya kitoto, haimsaidii mtu kumtambua.
Mama akavuta kiti. Shusha bega la kushoto. Mkono haurushagi hivyo. Anaangaliaga chini. Nikarekodi, nikafuta, nikarekodi. Mwishowe akasema basi, ndiye. Akaenda jikoni kupika. Alikaa huko sana. Moto hakuwasha.

Jumatano, 11 Juni
Clever kauliza bega la mkulima limepatwa na nini. Nikamweleza. Kanipa ruhusa ya Jumamosi nikamtafute kaka, kaniwekea video ya mwendo kwenye simu. Kuhusu mguu hakusema tena.

Jumamosi, 14 Juni
Buhemba. Vumbi! Nimeonyesha simu kila kibanda. Mmoja kauliza kama nauza katuni. Kisha mama lishe mmoja, Wankyo, akaishika simu kwa mkono wenye unga.
"Kwa uso simjui. Ila anatembeaga kama Bunda."
Bunda gani?
"Ndivyo tunavyomwitaga. Anakulaga hapa. Kaa."
Nimekaa. Akaja — mguu nje, bega chini, macho chini. Ndevu! Nikasimama.
"Hilda?"
Akanishika kichwa kama zamani, kwa mikono yote miwili. Nikamwonyesha video. Akaitazama, akairudia. Akasema yeye hatembei hivyo. Wankyo alicheka mpaka akaweka mwiko chini.
Kaka kaagiza ugali na sangara kwa wawili. Kauliza mama mzima? Mzima. Halafu, polepole, bila kunitazama:
"Na mzee? Anajua umenifuata huku?"
Wankyo akamwita akanawe, chakula tayari. Kaenda. Naandika hapa mezani ili mikono iwe na kazi. Amemaliza. Anajifuta kwenye suruali. Anakuja.