Mkate Aliouchukua Haruna

Kibiti,
Jumanne asubuhi.

Kwa kaka yangu mpendwa Mshamu,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi Hafsa, mama na watoto, na kwamba ndege na nguruwe wamewaachieni chochote shambani mwaka huu. Mgongo wako je, umepata nafuu? Mimi mwili hauna neno. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya huko Maparoni mnaipokea watu watano mmesimama juu ya tuta moja, na haya ninayotaka kusema si ya masikio ya watu. Mudathiri wa mashua ya mpunga nimemkanya asimkabidhi mwingine ila wewe.

Unakumbuka nilivyofungua hoteli yangu hapa stendi. Mkate wangu wa kumimina unaujua, hata wifi ambaye hasifu mtu aliusifu. Kabla ya kufungua nilikwenda semina ya ujasiriamali siku tatu, na mwalimu akatuambia kuwa biashara haina ndugu wala shoga. Neno hilo nililimeza zima zima. Hakutufundisha namna ya kucheka na mteja, au labda alifundisha siku niliyochelewa.

Mteja akisema chai haijakolea, nilimwambia akachemshe kwao. Mzee Abdulswamadu, aliyekuwa akija kila siku baada ya sala ya alfajiri, nilimuuliza mbele za watu kama amehamia. Hakurudi tena. Ng'ambo ya barabara yupo Kijakazi. Chai yake ni maji ya kusuuzia vikombe, Mungu anisamehe, na andazi lake ukimpiga nalo mbwa atalia. Lakini benchi zake zilijaa, maana kila anayeketi, Kijakazi humuuliza hali ya mgonjwa wake kwa jina. Siku moja aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba biashara haigombi. Nikamjibu ashughulike na maandazi yake.

Sasa nije kwa Haruna fundi baiskeli, mtani wetu. Wewe unajua kuliko mimi kuwa watu wa kwao na sisi tumetaniana tangu mababu, wao huchukua kwetu bila kuomba na sisi kwao vivyo hivyo, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Baba alipofariki, Haruna ndiye aliyevaa kanzu ya marehemu akapita uani kwa mwendo wa baba, akigomba kuwa chai haina sukari, hadi mama akacheka katikati ya kilio. Ndiyo kazi ya mtani.

Basi Haruna akawa anaingia hotelini, anachukua andazi, anawatangazia abiria wa mabasi kwamba bibi yetu alinunuliwa na bibi yake kwa ungo wa mchele, kwa hiyo mimi na masufuria yangu ni mali yake. Wenyeji walicheka, wageni nao wakacheka, na mimi nikaona wananicheka mimi. Ningejibu kuwa babu yake aliuzwa kwa pumba na chenji ikarudi, watu wangevunjika mbavu na kuagiza chai ya pili. Badala yake niliandika kibao, UTANI NYUMBANI, HAPA BIASHARA, nikakitundika mlangoni. Kijakazi alikisoma kutoka ng'ambo akatikisa kichwa.

Ya Alhamisi ile ya mvua unayajua, kama nilivyowaeleza watu wote. Mtu aliyevaa koti la mvua, kofia yake ameivuta hadi machoni, alichukua mkate mzima kwenye kabati langu la nje akaondoka nao. Nikapiga ukelele wa mwizi. Vijana wa bodaboda, ambao wengi si wenyeji wa hapa, wakamfuata kwa matofali na magongo. Walipomfunua uso alikuwa Haruna, na hasemi tena. Alifariki siku ya pili yake. Polisi niliwaambia sikumtambua. Wewe nilikwambia hivyo hivyo kwenye simu, ukalia, ukaniamini.

Mazishini kule Mtunda nilikwenda nimejiandaa kutukanwa. Hakuna aliyenitukana. Mjane wake, Sihaba, alinishika mkono akasema ajali haina kinga, ila watani tumekaa kimya mno na Haruna angeona aibu kuzikwa hivi. Akanipa shati la marehemu. Kaka, ningekataaje? Nililivaa nikapita uani mbele ya wanawake kwa mwendo wake, ule wa kukanyaga kama ardhi ina moto, kiwiko cha kushoto kikipiga nje, nikadokoa muhogo kwenye sinia la wapishi nikaenda zangu taratibu. Walicheka. Sihaba alicheka hadi akakaa chini. Kisha bibi Maimuna, mama mkubwa wa Haruna, akaacha kucheka. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, mtu anayeujua mgongo wa Haruna kiasi hiki, siku ile alikuwa anatazama nini.

Hicho ndicho chanzo cha kikao cha Ijumaa. Najua wazee wamekuita uje uape kwa Msahafu, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wetu, kwamba dada yako hakumjua. Najua pia kuwa utakuja na mgongo wako huo huo mbovu, na utaapa, kwa sababu hujawahi kunishuku hata siku moja.

Usiape, kaka. Nilimjua. Nilimjua hata kabla hajafika kwenye kabati. Mwizi hukimbia, yeye alikwenda polepole, ananisubiri nimtukane kama ilivyo ada. Siku hiyo tangu alfajiri nilikuwa sijamimina kikombe kimoja, benchi za Kijakazi zimejaa, na nilitaka Haruna naye aaibike mbele za watu kama alivyoniaibisha. Sikutaka zaidi ya hilo. Nilipopiga ukelele aligeuka akacheka. Alifurahi, kaka. Alidhani hatimaye nimejibu utani. Akanipungia ule mkate, na alikuwa bado anacheka tofali la kwanza lilipompata. Nilikuwa na nafasi ya kusema huyu ni mtani wangu. Watu walikuwa wananitazama, nikaona watanicheka, nikanyamaza.

Ijumaa nitasema mwenyewe kikaoni, kisha nitakwenda polisi. Hoteli nimeifunga. Sitakuficha kuwa naogopa, na macho ya Sihaba nayaogopa kuliko jela.

Nisalimie sana wifi Hafsa, na watoto wote mmoja mmoja kwa majina yao. Mama msomee mwanzo wa barua tu, huu mwisho nitamwambia kwa kinywa changu nikijaliwa. Ukipata nguvu za kuja Ijumaa, njoo, lakini usikae upande wangu. Kakae na watu wa Haruna. Nikishasema, watahitaji mtani wa kuwafuta machozi, na mimi sitafaa tena.

Ni mimi mdogo wako,
Muzdalifa.