Bawa la Mbuzi

Jumatano, Garissa. Joto tangu alfajiri, na mawingu ya bure upande wa mto.

Leo nilikuwa nikitafuta cheti changu cha ualimu katika sanduku la bati, nikakuta bawa. Si la ndege. Ni mifupa ya chuma, urefu wake kama kiganja changu, yenye viungo vitatu. Nimelilaza mezani, nikaiinua ncha yake kwa kidole kimoja, nikaiachia. Imebaki pale pale nilipoiacha, angani.

Miaka karibu sitini.

Nimekaa kitandani nikilitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Habari zake sijapata kuziandika hapa, kwa sababu ndani yake mna jambo linaloniaibisha. Sipendi kupamba maneno. Nitaliandika kama lilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka 1966, nami nilikuwa mwalimu kijana, mkali, mwenye kola iliyopigwa pasi. Waliotaka mkoa wetu ujitenge walikuwa porini na bunduki. Askari walikuwa mjini. Gari halikutoka Garissa ila katika msafara wenye ulinzi, na wafugaji walioleta mbuzi kutoka Kotile waliweza kukaa wiki nzima wakingoja ruhusa ya kurudi kwao.

Mjini alikuwapo mhunzi aliyeitwa Jimale, mtu wa umri wa baba yangu. Alifua visu na mashoka. Amri ikatoka kwamba moto wake uzimwe, kwa kuwa anayejua chuma anaweza kutengeneza bunduki iliyoharibika. Hakuwa ametengeneza bunduki ya mtu yeyote. Hata hivyo alikaa miezi mitatu mbele ya jivu baridi, na watoto wake wakaanza kukonda.

Kisha akaja Nzioka, mpiga picha kutoka Nairobi, aliyekuwa akitengeneza sinema za kuonyesha watoto shuleni. Msafara wa kumrudisha ulikuwa baada ya siku kumi na mbili. Katika sanduku lake alikuwa na kikaragosi cha korongo, na alinieleza kazi yake barazani pangu. Unasogeza bawa kiasi cha unywele, unapiga picha moja. Unasogeza tena, unapiga nyingine. Picha hizo zikipita kwa kasi mbele ya taa, ndege anaruka.

Nilimwuliza ni picha ngapi kwa dakika moja. Aliponijibu nilimtaka arudie. Sikujua kwamba duniani yupo mtu mwenye subira ya namna hiyo.

Lakini mifupa ya korongo wake ilikuwa ya waya, na waya ukipindwa mara nyingi hukatika. Mabawa yote mawili yalikuwa yamevunjika njiani. Alihitaji viungo vya chuma vinavyogeuka kila upande, vinavyotii kidole, kisha vinavyokaa pale vilipoachwa.

Nilimwambia kwamba mtu wa kazi hiyo yupo, ila moto wake umefungwa.

Tulikwenda kwa Inspekta wa polisi. Alinitaka nitie sahihi kuwa mdhamini, akatoa ruhusa ya siku kumi. "Siku ya kumi nitakuja mwenyewe," alisema. "Nikikuta ndege, moto uendelee kuwaka. Nikikuta kitu kingine, nabeba fuawe, nyundo na mivukuto, na wewe mwalimu utakuja kunieleza."

Nzioka alichora kiungo kwenye karatasi. Jimale aliigeuza karatasi juu chini, akaitazama, akairudisha. Mke wake alikuwa amepika mguu wa mbuzi. Jimale aliuchomoa mfupa wa paja kutoka kwenye nyonga, akaurudisha mahali pake, akauzungusha mbele ya pua ya Nzioka.

"Hii ndio unataka? Mungu alitengeneza zamani. Karatasi unasumbua ya nini?"

Nilizoea kusahihisha Kiswahili cha kila mtu. Siku ile niliutazama mfupa ukizunguka.

Alichukua gololi kutoka beringi kuukuu ya lori. Zilikuwa ngumu, hazitoboki. Akazichoma katika makaa mpaka zikawa rangi ya embe bivu, akazifukia katika jivu zipoe polepole usiku kucha. Asubuhi zilikuwa laini, zikakubali kutobolewa kwa keekee. Kila gololi aliitilia kijiti cha chuma, akakilehemu kwa madini ya bangili ya fedha iliyovunjika. Kisha akaibana kati ya vibapa viwili vilivyotobolewa, alivyovikata kutoka kwenye visu ambavyo hakuruhusiwa tena kuviuza. Katikati ya vibapa alitia skrubu. Ukiilegeza mno, kiungo kinaanguka. Ukiikaza mno, kinakataa. Pana mahali pamoja tu kati ya hayo mawili, naye alipatafuta kwa ncha ya kidole, macho amefumba.

Nilikaa pale kila siku baada ya masomo, kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu. Kila siku mke wake alileta vikombe vitatu vya chai. Nzioka alikunywa, akaomba cha pili. Changu kilipoa.

Watu wa ukoo wetu hawakula wala kunywa nyumbani kwa mhunzi. Ndivyo tulivyolelewa, kuwaona wahunzi kuwa watu wa chini. Wala sikumwita *adeer*, yaani ami, kama tunavyomwita mzee yeyote wa rika la baba zetu. Nilimwita Jimale, basi, kama ninavyomwita mwanafunzi. Naye aliniita maalim. Chai ililetwa kila siku bila neno, na bila neno iliondolewa.

Siku ya saba bawa la kwanza lilikamilika. Nzioka alilifunga kwenye mwili wa korongo, akalisogeza hatua kwa hatua. Sote watatu tuliinama kutazama.

Korongo alipanda mlima.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Aliinua bega, akatupa goti mbele, akatafuta jiwe la kukanyaga. Nzioka alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, huyu ndege anaenda malishoni! Mtafutieni kengele!"

Jimale hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa sababu nilielewa. Sisi ni watu wa ngamia na mbuzi, na wakati ule nyama ya ndege hatukuila. Mfupa wa mbuzi Jimale aliujua hata gizani, lakini hakuwa amepata maishani mwake kuona ndani ya bawa. Alikuwa amefua mguu wa mbele wa mbuzi. Nzioka naye alizoea waya, na waya hauna kiwiko, hupinda popote.

Zilibaki siku tatu.

Nzioka alinunua kuku kwa Mama Komora, Mpokomo aliyeuza ndizi sokoni. Jimale alimchinja, kisha akakaa amemshika, hajui aanzie wapi. Mama Komora alikuwa amemfuata kuku wake kwa udadisi, akasimama mlangoni akitutazama.

"Watu wazima watatu!" alisema. "Kuku anapita miguuni mwenu kila siku, na bawa lake hamlijui? Lete hapa, baba."

Akalichuna bawa, akalikunjua juu ya ubao. Alipovuta kiwiko, ncha nayo ilijikunjua yenyewe. Alipokisukuma, bawa zima lilijikunja likalala. Jimale alisogea mpaka paji la uso wake likakaribia kugusa nyama.

Kisha Mama Komora alinishika mkono wangu wa kulia, bila kuomba ruhusa, akaulaza kando ya lile bawa.

"Bega," alisema, akigusa kuku, akinigusa mimi. "Kiwiko. Kifundo. Na hivi vijiti ni vidole, vimeshikana tu."

Nilikuwa nikifundisha viungo vya mwili kila muhula. Nilitazama mkono wangu kama kitu nilichoazimwa. Kila ndege aliyepata kupita juu ya kichwa changu alikuwa akiruka kwa mikono.

Subhanallah.

Jimale aliomba abaki na mifupa ile. Alifanya kazi siku mbili na nusu, akafua mabawa mapya mawili.

Siku ya kumi Inspekta alikuja na askari wawili. Manyoya yalikuwa bado hayajabandikwa. Juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia, alisimama korongo wa chuma mtupu, mng'avu, mwenye skrubu kila kiungo. Inspekta aligusa skrubu moja kwa ukucha.

"Hii ni sehemu ya bunduki gani?"

Mimi mdhamini, mwenye sarufi yote, sikupata sentensi hata moja.

Jimale ndiye aliyesema. "Mkubwa, inua bawa kwa kidole. Wewe mwenyewe."

Inspekta aliliinua, akaliachia. Halikuanguka. Alingoja lianguke. Askari mmoja aliinama kutafuta uzi.

"Sasa funga macho," Jimale alisema. Mhunzi aliyekatazwa moto anamwambia mwenye bastola afunge macho! Inspekta akafunga. Jimale akasogeza mabawa kidogo. "Fungua." Akafungua. "Funga." Akasogeza tena. "Fungua. Funga. Fungua. Funga."

Aliharakisha. Mabawa yalipanda, yakashuka, yakajikunja, yakafunguka. Nilijikuta nami nafumba na kufumbua. Askari nao walikuwa wakipepesa macho, bunduki mabegani, midomo wazi. Na kila macho yetu yalipofunguka, korongo alikuwa ameendelea na safari.

Sinema yenyewe sikupata kuiona kamwe. Lakini ndege wa chuma nilimwona akiruka, mchana, juu ya fuawe.

"Moto uendelee," Inspekta alisema. Kisha akauliza, "Kazi ya nani hii?"

Nilijibu, "Tumeifanya pamoja, chini ya usimamizi wangu."

Inspekta alinipa mkono mimi. Jimale aligeuka kuchochea makaa.

Nzioka aliondoka na msafara, korongo amemviringisha katika shati lake. Nilipokwenda kuaga, Jimale alinitupia lile bawa la kwanza, bawa la mbuzi.

"Chukua, maalim," alisema. "Hii ndiyo ile ulisimamia."

Moto wake uliwaka mpaka alipofariki, miaka mingi baada ya vita. Binti yake anaishi mtaa wa Waberi, ana karakana ya kulehemu milango. Kila ninapopita ananiita, "Maalim, karibu chai." Kila mara nina haraka. Mzee wa miaka themanini na zaidi, haraka ya kwenda wapi?

Nimeandika haya baada ya sala ya alasiri. Bawa bado limeinuka mezani, pale pale nilipoliacha asubuhi.

Kesho nitalipeleka Waberi. Nitamwambia binti yake, mbele ya mafundi wake wote, kwamba korongo yule alitengenezwa na adeer Jimale, na kwamba mimi sikusimamia chochote. Kisha nitakaa, na chai itakapoletwa nitainywa ikiwa moto.