Chuma cha Kumi na Mbili

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi pumzi inakatika hata nikifunga vifungo vya shati, kwa hiyo sizungushi maneno. Kuna jambo nimekuficha miaka thelathini na moja. Lile gitaa la besi nililokuchongea, ulilojaribiwa nalo kwenye bendi, lilikuwa bovu. Kiongozi wao alipokuambia huna masikio ya muziki, hakusema kweli.

Nilipopanga vyuma vya shingoni, vile vya kubania nyuzi, nilipima kila kimoja kutoka kile kilichotangulia, badala ya kuvipima vyote kutoka mwanzo wa uzi. Nikakosea unywele hapa, unywele pale. Kufika chuma cha kumi na mbili kosa limekuwa nusu sentimita. Chini linaimba, juu linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwalimu wa hesabu mzima! Nisamehe.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Afya yako leo siiulizi, maana hata hiyo inanitia hasira: umengoja uishiwe pumzi ndipo useme?

Nimelishusha gitaa kutoka juu ya kabati, mke wangu akanishikia futi. Chuma cha kumi na mbili kilitakiwa kiugawe uzi nusu kwa nusu. Hakiugawi. "Na kwa kuamini huna masikio, wanao umewanyima hata wimbo wa kuwabembeleza," akasema, akatoka nje akinifungia mlango kwa kishindo. Utadhani kosa ni langu!

Nilichukua shoka. Kisha nikauona ule ubao mwekundu ulivyoupiga msasa hadi unang'aa, na kiwiliwili kinavyotulia pajani, nikashindwa. Hilo nalo limeniudhi.

Sasa nijibu. Wewe ulikuwa ukiona meza imepinda kwa macho tu. Ulilijaribu gitaa kabla ya kunipa, au hukulijaribu?

Mdogo wako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wiki tatu kimya. Shemeji anasema unakula, na kalamu unaishika. Usijifiche nyuma ya ugonjwa. Ulilijaribu?

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nililijaribu. Siku mbili kabla hujaenda kujaribiwa, nilikaa karakanani nikapiga uzi mtupu, kisha nikaubana kwenye chuma cha kumi na mbili, nikasikia. Shingo nyingine niliyokuwa nimeichonga, iliyo sahihi, ilikuwa imening'inia ukutani. Kuibadilisha ni kazi ya skrubu nne.

Lakini asubuhi ile uliwaambia wageni wa baba kwamba nachezea mbao kwa sababu sina kipaji cha kupiga. Walicheka. Baba aliwashinda wote kwa kucheka. Sawa, nikasema moyoni, tutakiona hicho kipaji. Hata sasa nikikumbuka kicheko kile damu inachemka. Nakufa na hasira juu ya mtu niliyemdhulumu mwenyewe, unaona nilivyo?

Wala usiendelee kumlaani kiongozi wa bendi. Yeye alilishuku gitaa. Ulipokuwa bado jukwaani alitoka nje, akanikuta nimeegemea ukuta.

"Fundi," akaniuliza, "hiki chombo kimekaa sawa?"

Nikamwambia, "Chombo hakina tatizo. Mdogo wangu ndiye hana masikio."

Kaka yako